Kitabu cha makadirio ya kaunti: matumizi yanasomeka, mapato yasome na kikokotoo mkononi

Kila mwaka kaunti zote 47 za Kenya hutoa kitabu kinene ambacho hakiuzwi, na ambacho wengi hukifungua mara moja, wakaguna, wakakifunga. Ni makadirio ya mapato na matumizi ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio hayo yafike katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na yawe yameidhinishwa kufikia Juni 30. Hapa tunakipima kitabu chenyewe kama chombo cha kazi: kwa mwanahabari, kwa mwanakamati wa wadi, kwa mkandarasi anayetaka kujua kama atalipwa. Upande wa matumizi tunaupa alama 4 kati ya 5. Upande wa mapato unapata 2, na moja kati ya hizo ni ya huruma.

Kwa kawaida kuna vitabu viwili ndani ya kimoja. Cha kwanza kinapanga fedha kwa kasma, yaani mstari mmoja mmoja wa matumizi wenye namba yake. Cha pili kinazipanga kwa programu: kinga ya afya, tiba, barabara, maji, na kadhalika, kila moja ikiwa na malengo yake. Kaunti inayochapisha kimoja tu imekupa nusu ya mzigo. Ukilazimika kuchagua, chukua cha kasma. Programu ina jina zuri. Kasma ina namba, na namba hizo ni zilezile Turkana hadi Kwale.

Namba zina tarakimu 7 na zinafuata mpangilio wa takwimu za fedha za serikali wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Tarakimu ya kwanza ndiyo ufunguo. Zinazoanza na 1 ni mapato. Zinazoanza na 2 ni matumizi yanayoliwa yakaisha: mishahara, stima, dawa, safari, ruzuku kwa taasisi nyingine. Zinazoanza na 3 ni mali inayobaki: majengo, barabara, magari, mitambo. Ukishazoea hilo, jina lililoandikwa kando ya namba linakuwa pambo tu.

Fungua ukurasa wa idara ya afya uone. Kundi la 2110100 ni mishahara ya walioajiriwa kwa kudumu, 2110200 ni ujira wa vibarua na wa muda, 2110300 ni marupurupu yanayolipwa pamoja na mshahara, kama ya nyumba na usafiri. Ukishuka, 2210100 ni umeme na maji. 2210300 ni safari za ndani na posho zake. 2210400 ni safari za nje. 2210700 ni mafunzo. 2210800 ni chai, vyakula na kumbi za mikutano. Dawa zimejificha katika 2211000, vifaa maalumu, na dawa zenyewe ni 2211001. Mafuta ya magari ni 2211200, na matengenezo yake 2220100. Kisha unaingia kwenye 3: ujenzi wa majengo 3110200, ununuzi wa magari 3110700.

Sasa jaribu jambo hili dogo. Tafuta mstari wenye jina tamu, mathalani "uhamasishaji wa jamii kuhusu lishe". Usiusome. Soma namba. Ikiwa ni 2210300, huo uhamasishaji ni posho za maafisa walio safarini. Ikiwa ni 2210800, ni chai na viti vya hoteli. Ikiwa ni 2211001, hapo kuna kitu kitakachofika mkononi mwa mgonjwa. Jina huandikwa na idara. Namba hutokana na orodha ya hesabu iliyomo katika mfumo wa malipo wa serikali uitwao IFMIS, na malipo hayapiti bila hiyo namba.

Kitabu cha programu kina kasoro moja inayojirudia kiasi kwamba tumeacha kuishangaa. Programu ya kwanza katika kila idara huitwa utawala, mipango na huduma za usaidizi, na mara nyingi humo ndimo mishahara yote inamwagwa, hata ya muuguzi aliye wodini. Matokeo yake programu ya tiba inaonekana kugharimu dawa na glavu tu, kana kwamba sindano hujidunga zenyewe. Kabla ya kulinganisha programu mbili, angalia kama kila moja imebeba watu wake. Kama haikubeba, ulinganisho haupo.

Jambo jingine la kutazama kwa makini ni mgawanyo wa matumizi ya kawaida na ya maendeleo. Wengi hudhani ya kawaida ni namba za 2 na ya maendeleo ni namba za 3. Sivyo. Fungu la kawaida linaweza kununua madawati ya ofisi, ambayo ni 3. Fungu la maendeleo linaweza kubeba mafunzo ya mradi wa wafadhili, ambayo ni 2, na hilo si kosa. Kosa huanza pale basari za wanafunzi, mafuta ya magari ya ofisini au posho zinaposukumwa kwenye maendeleo ili asilimia ipendeze. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo katika kipindi cha kati, yaani kwa miaka kadhaa kwa pamoja, si mwaka mmoja. Kwa hiyo kaa na kikokotoo: jumlisha namba zote za 3 katika kitabu kizima, ongeza ruzuku zinazojenga kitu cha kudumu, gawanya kwa jumla ya bajeti. Jibu lako likiwa chini sana ya asilimia iliyoandikwa kwenye utangulizi, umepata swali la kwenda nalo kwenye kikao cha kutoa maoni.

Makadirio ya mishahara ndiyo sehemu iliyo rahisi kukagua, kwa sababu hayahitaji ramli. Idadi ya wafanyakazi mara wastani wa malipo ya mwezi mara 12. Tuseme idara ina watu 400 na wastani wa shilingi 62,000: ni milioni 24.8 kwa mwezi, milioni 297.6 kwa mwaka. Juu ya hapo weka nyongeza ya kila mwaka kuanzia mwezi inapoanza, posho ya likizo, na michango ya mwajiri. Hapa ndipo makarani huteleza. Ada ya nyumba za bei nafuu inamdai mwajiri asilimia 1.5 ya malipo ghafi, sawa na ile inayokatwa kwa mfanyakazi. Kwa mfano wetu ni takriban milioni 4.5. Mchango wa bima ya afya ya jamii wa asilimia 2.75, kwa upande wake, ni wa mfanyakazi peke yake. Ukiuona umewekwa kama gharama ya kaunti, uliza kwa nini. Vilevile angalia kama jedwali la watumishi kitabuni linalingana na fedha za mishahara. Mdhibiti wa Bajeti, ofisi ya kikatiba inayosimamia utekelezaji wa bajeti, amekuwa akilalamikia kaunti zinazolipa baadhi ya mishahara kwa orodha za mkono nje ya mfumo, na hizo ndizo zinazofanya hesabu ya vichwa na hesabu ya shilingi zisikutane.

Hayo yote yanastahili zile alama 4. Sasa twende kwenye mapato.

Kaunti ina mifereji mitatu mikubwa na mmoja mdogo. Mkubwa kuliko yote ni mgao wa usawa kutoka mapato ya kitaifa. Katiba inataka usipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokusanywa, kwa kutumia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mwaka wa 2013/14 ulikuwa shilingi bilioni 190 kwa kaunti zote. 2021/22 ulifika bilioni 370. Kaunti haina la kufanya hapa zaidi ya kunakili kiasi chake. Hata hivyo kunakili nako kuna mtego wa kalenda. Kitabu huandikwa Aprili, wakati sheria ya kugawa fedha hizo kwa kila kaunti huenda bado iko kwa Seneti. Mwaka wa 2024/25 ni funzo: sheria ilikuwa imeweka bilioni 400.1, Mswada wa Fedha wa kitaifa, ule wa kodi mpya, ukaondolewa Juni 2024, na mgao ukashushwa hadi bilioni 387.4. Vitabu vilivyoandikwa kwa kiasi cha kwanza vilibaki na pengo la karibu bilioni 12.7 kwa jumla, na bajeti za ziada zikafuata. Kitabu kizuri huandika wazi kinatumia takwimu ipi na ya tarehe gani. Vingi haviandiki.

Mfereji wa pili ni ruzuku zenye masharti na fedha za wafadhili. Zamani zilikuwa ndani ya sheria moja na mgao wa usawa. Siku hizi zina sheria yake, ambayo huchelewa kuliko mwenzake. Kagua jambo moja tu: kila ruzuku iliyo kwenye jedwali la mapato lazima ionekane kwa jina hilohilo na kiasi hichohicho upande wa matumizi. Ikiwa ruzuku ya zahanati imeingia na huioni ikitoka, imemezwa.

Wa tatu ni mapato ya ndani: kodi ya ardhi, leseni za biashara, maegesho, ushuru wa mazao, ada za soko, kodi za nyumba za kaunti, matangazo, vibali vya ujenzi, leseni za vileo, na kwa kaunti kama Narok, malango ya Maasai Mara. Mfereji mdogo ni salio la mwaka uliopita, ambalo tutalirudia.

Mapato ya ndani ndiyo sehemu pekee ambayo kaunti inakadiria kwa akili yake yenyewe, na ndiyo inayopinda. Mwaka wa 2021/22 kaunti zote zilikusanya takriban bilioni 35.9, chini ya asilimia 60 ya walichoandika. Mwaka uliofuata zikakusanya kama bilioni 37.8, karibu theluthi mbili ya lengo. Lengo linapokosewa kwa theluthi nzima, mwaka baada ya mwaka, na kwa upande uleule, hiyo si bahati mbaya.

Njia ya haki ya kukadiria ni kwenda chanzo kimoja kimoja: idadi ya walipaji, mara kiwango, mara asilimia ya wanaolipa kweli. Chukua kaunti ya mfano. Leseni za biashara kwa miaka mitatu zimeleta milioni 82, 85 na 91. Ukifuata mwendo huo, mwaka ujao ni kama milioni 96. Sasa pima kwa upande wa pili: daftari la leseni lina biashara 11,000, na wastani wa ada ni shilingi 9,500. Wote wakilipa bila kubaki hata kinyozi mmoja, ni milioni 104.5. Makusanyo ya 91 yana maana kwamba asilimia 87 walilipa. Kisha fungua kitabu ukute leseni za biashara zimekadiriwa milioni 150. Hakuna hamasa, mfumo wa malipo ya simu wala askari wa kanjo atakayeitoa hiyo 150 kwenye daftari la 104.5. Ni ama ada zimepandishwa, na hapo Sheria ya Fedha ya kaunti lazima ionyeshe kiwango kipya, au biashara mpya zimesajiliwa, na daftari lionyeshe. Visipokuwepo vyote viwili, namba hiyo imetungwa.

Kwa nini itungwe? Hapa ndipo pa kusoma polepole. Tuseme kaunti ina mapato ya kweli ya bilioni 8. Mishahara ni bilioni 2.9, sawa na asilimia 36.25. Kanuni za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote. Maendeleo ni bilioni 2.2, asilimia 27.5, chini ya ile 30. Kaunti imekosa mitihani yote miwili. Sasa ongeza milioni 400 za hewa kwenye mapato ya ndani, na uzipeleke zote kwenye miradi. Jumla inakuwa bilioni 8.4. Mishahara haikuguswa hata senti, lakini sasa ni asilimia 34.5. Maendeleo yamekuwa bilioni 2.6, karibu asilimia 31. Mitihani yote imepita kwa mstari mmoja, na kila wadi imepata mradi wake kitabuni.

Wahenga walisema usikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Zabuni hutangazwa, mkataba husainiwa, kokoto humwagwa. Fedha zinapokosa kufika, mishahara hulipwa kwanza kwa sababu mishahara ina kelele, safari hazikosi, na mkandarasi huambiwa asubiri. Mwezi Juni ankara yake inageuka bili isiyolipwa. Mwaka unaofuata bili hizo hurudi kitabuni, na hapo linakuja kosa jingine la upangaji: hurundikwa mstari mmoja chini ya idara ya fedha, "madeni", bila namba ya kuonyesha kama yalikuwa ya barabara, dawa au hoteli. Alama moja tumeikata kwa hilo tu. Deni la barabara lilipaswa kubaki na namba ya barabara.

Kuhusu salio la mwaka uliopita: fedha ambazo hazikutumika hurudi kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti Juni 30, ilhali kitabu kimeandikwa Aprili. Kwa hiyo salio hukisiwa. Mgao wa Juni kutoka Hazina ya Taifa una tabia ya kufika Julai, na ukifika huonekana kama salio nono. Usilichukue kama akiba. Sehemu kubwa ina wenyewe tayari. Angalia pia makusanyo ya hospitali. Tangu Sheria ya Ufadhili wa Kuboresha Vituo vya Afya ya 2023, hospitali hubaki na fedha inazokusanya. Kaunti moja itazihesabu ndani ya mapato ya ndani, nyingine kando. Ukilinganisha kaunti mbili, au kaunti moja kabla na baada ya 2023, ziondoe kwanza, la sivyo utasifu ukuaji ambao ni kuhama kwa safu tu. Na hakikisha hazijahesabiwa mara mbili, juu kama mapato ya ndani na chini kama makusanyo ya idara.

Mwenza wa kitabu hiki, na ambaye tunampa 4 bila kusita, ni ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti kuhusu utekelezaji wa bajeti za kaunti. Hutoka kila robo mwaka, ni bure mtandaoni, na kila kaunti ina sura yake yenye majedwali ya mpangilio uleule: mapato yaliyolengwa na yaliyopatikana, fedha zilizoidhinishwa kutolewa, matumizi kwa idara na kwa programu, mishahara, safari, posho za vikao vya wawakilishi wadi, bili zisizolipwa. Kasoro yake ni kwamba ni faili la PDF la mamia ya kurasa, na kunakili majedwali yake ni kazi ya jasho. Jambo la kujua unapoisoma: mapato ya ndani hayaji kwa usawa. Leseni hulipwa zaidi kati ya Januari na Machi, na kodi ya ardhi vilevile. Kaunti iliyokusanya asilimia 30 kufikia Desemba si lazima iwe imelala. Iliyo na 55 kufikia mwisho wa Machi haitafika, na ni heri mkandarasi wake ajue mapema.

Anayeanza asianzie mbele. Ukurasa wa kwanza hadi wa ishirini ni hotuba na picha. Nenda kwenye jedwali la mapato ya ndani kwa vyanzo, ambalo mara nyingi liko mwanzoni mwa majedwali au limesukumwa kwenye viambatisho, weka kando makusanyo halisi ya miaka mitatu kutoka kwa ripoti za Mdhibiti, na uchore mstari chini ya kila chanzo kilichoruka zaidi ya asilimia 20 bila maelezo. Jumlisha hivyo vilivyoruka. Kisha hamia kwenye orodha ya miradi ya maendeleo na ujiulize ni ipi yenye jumla inayokaribia hiyo. Kwa kawaida ni miradi ya wadi, iliyoingizwa dakika za mwisho.

Kitabu kisipokuwa kwenye tovuti ya kaunti, kiombe kwa karani wa bunge la kaunti kwa barua ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayompa siku 21 za kujibu. Andika kwamba unataka kitabu cha kasma pamoja na cha programu, na kwamba unataka jedwali la Excel. Usipotaja Excel utaletewa nakala iliyopigwa skana, imelala upande, na muhuri umekaa juu ya jumla.